PARU: polisi wa Thailand walioruka na miamvuli wakaenda kuwasha vita ya siri ya Laos (uzi mrefu kidogo)

#1 MLETA UZI

Wakuu salama. Nyuzi za vita za Vietnam na jirani zake zikianzishwa majina ni yaleyale tu, Green Beret (makomando wa jeshi la Marekani), Marines, Wafaransa wa Dien Bien Phu (kambi yao Vietnam iliyoanguka 1954), basi. Leo nawaletea jamaa ambao hata Marekani kwenyewe wengi hawawajui, na hao ndio waliofungua ile vita ya siri ya Laos. Cha kushangaza sio wanajeshi, ni polisi. Polisi kabisa wa Thailand, wana vyeo vya polisi na mishahara ya polisi, ila kazi yao ni kuruka kutoka kwenye ndege na kuzama nchi za watu. Kikosi kinaitwa PARU, kifupi cha Police Aerial Reinforcement Unit.

Kwanini polisi? Hapo lazima turudi 1951. Mao ameshaichukua China miaka miwili nyuma, Korea inawaka, Wafaransa wanahangaika Vietnam, na Bangkok watu hawalali wakiamini Wachina wanaweza kushuka muda wowote. CIA wakamtuma kijana mmoja anaitwa Bill Lair, mtu wa Texas, vita ya pili alipigania Ulaya kwenye divisheni ya vifaru halafu akaenda kusomea jiolojia. Kazi yake ilikua kuwafundisha Wathai vita ya msituni ili adui akiingia kuwe na watu wa kubaki nyuma na kumsumbua. Pesa na silaha zikapitia kampuni ya mchongo inaitwa Sea Supply, kwenye makaratasi wafanyabiashara wa kawaida kabisa.

Aliyeukumbatia huo mpango kwa mikono miwili ni Phao Sriyanond, mkuu wa polisi. Huyu mwamba alikua hatari, anaogopwa nchi nzima, anahusishwa na biashara ya afyuni kutoka milimani, na ana mpinzani wake upande wa jeshi anaitwa Sarit Thanarat. Sasa fikiria wewe ni Phao, Mmarekani anakuja na bunduki, ndege na wakufunzi, utasema peleka jeshini kwa Sarit? Thubutu. Ndani ya muda mfupi polisi wa Thailand walikua kama jeshi la pili, wana mpaka vifaru na ndege zao.

Mafunzo yakaanzia Lopburi. Ila Lair akaona tatizo, kila kundi likihitimu linatawanywa kwenye vituo vya polisi huko mikoani na ujuzi unapotelea hukohuko. Akaomba wale bora wabaki pamoja. Ndio wakapelekwa Hua Hin, mji wa pwani kusini magharibi mwa Bangkok, kambi ikapewa jina la Naresuan, yule mfalme wa Ayutthaya (ufalme wa zamani wa Thailand) aliyewatoa Waburma kwenye karne ya 16. Pale ndipo walipopikwa: kuruka na miamvuli, kutembea siku nyingi na mizigo, redio, huduma ya kwanza mpaka karibu na udaktari, kufunga shehena za kudondosha, na kubwa kuliko vyote, jinsi ya kumfundisha mtu mwingine kupigana. Hilo la mwisho mlishike maana ndio uzi wenyewe.

Hua Hin kuna kitu kingine, kuna kasri ya kifalme ya Klai Kangwon pale pale pwani. Mfalme Bhumibol alikua anaenda kupumzika na hawa vijana walikua majirani zake. Ujirani huu utakuja kuwaokoa.

Nameza mate naendelea.

#2

Nimeweka kambi hapa mkuu. Yaani polisi wenye miamvuli, hao FFU watasemaje sasa 😂

#3

Mleta uzi usije ukaishia njiani kama ule uzi wa Rhodesia, tulibaki na arosto mpaka leo.

#4 MLETA UZI

Huu unaisha leoleo chief.

Sasa 16 Septemba 1957 Sarit akapindua serikali. Phao akala kona Uswisi na hakurudi, alifia hukohuko 1960. Kila kilichonuka Phao kikawa kwenye hatari ya kufutwa na jeshi lilikua na hamu kubwa ya kuvunja kile kikosi, mana kwa macho yao hao ni askari binafsi wa adui yao waliolishwa na Wamarekani. Kwa hesabu za kawaida PARU ilitakiwa kufa hapo. Haikufa. Walihamishwahamishwa, wakabanwa bajeti, ila ile kambi ya jirani ya mfalme ilibaki imesimama, na Lair mwenyewe alikua kashajichimbia vya kutosha. Alikua na cheo rasmi ndani ya polisi wa Thailand, na alikua ameoa dada yake Siddhi Savetsila, ofisa aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Thailand miaka ya 80. Yaani huyu Mzungu huwezi kumwambia panda ndege uondoke, ni shemeji.

Halafu Sarit akaja kuwahitaji walewale aliotaka kuwafuta. Agosti 9, 1960 kule Laos, nahodha mmoja wa miaka 26 anaitwa Kong Le akaamka na batalioni yake akaichukua Vientiane, mji mkuu. Na huyu Kong Le alikua komando wa miamvuli vilevile! Batalioni ya pili ya parachuti ya jeshi la Laos, jeshi lililokua likilipwa na Marekani. Anasema amechoka Walao kuuana kwa ajili ya wakubwa wa nje, anataka nchi isiwe upande wowote. Sarit akapagawa, kwasababu mpinzani wa Kong Le, jenerali Phoumi Nosavan aliyekua amejikusanya kusini Savannakhet, ni ndugu yake wa ukoo.

Jeshi la Thailand likiingia Laos waziwazi dunia nzima itapiga kelele. Jeshi la Marekani hivyohivyo. Nani anaweza kuingia bila kuonekana? Angalia ramani, kaskazini mashariki mwa Thailand panaitwa Isan, watu wa kule asili yao ni Walao, lugha ni ileile na chakula ni kilekile, wali wa kunata wa kula kwa mkono. Ukimtoa kijana wa Isan gwanda la kithai ukamvalisha la kilao hakuna atakayejua kama ni mgeni. PARU walikua nao wengi wa hivyo. Lair akawapanga kwenye timu ndogondogo zenye redio wakaingia na batalioni za Phoumi, na kwa mara ya kwanza makao makuu yakaanza kupata taarifa za kweli za mstari wa mbele badala ya zile ripoti za maofisa wa kilao za ushindi wa kila siku. Katikati ya Desemba 1960 Vientiane ikarudi kwa Phoumi baada ya siku kama tatu za mizinga mitaani, na Kong Le akarudi kaskazini taratibu kabisa huku ndege za Wasovieti zikimdondoshea vifaa. Mwaka mpya 1961 yupo Plain of Jars, uwanda wa juu wenye yale magudulia ya mawe ya kale, ameungana na Pathet Lao, wakomunisti wa Laos, na nyuma yao wapo Wavietnam wa Kaskazini.

#5

Mimi hapo kwa Kong Le ndio nimechoka. Kwahiyo komando aliyefundishwa na Wamarekani anafukuzwa na polisi waliofundishwa na Wamarekani? Hiyo bajeti nani alikua anaisaini?

#6 MLETA UZI

Mtu yuleyule, mlipa kodi wa Ohio 😂

Twende kwenye mlo wenyewe. Januari 1961. Kuzunguka ule uwanda kuna milima mirefu na juu ya milima wanaishi Wahmong. Hawa sio Walao, wana lugha yao, wanalima mpunga wa mlimani, mahindi na afyuni, na wana ugomvi wa muda mrefu na Wavietnam. Kati yao kuna ofisa mmoja wa jeshi la kifalme la Laos anaitwa Vang Pao. CV yake: akiwa kijana mdogo 1945 alikua mkalimani na mjumbe wa makomando wa Kifaransa walioshuka na miamvuli kupambana na Wajapani, na 1954 aliongoza msafara wa Wahmong kwenda kuwaokoa Wafaransa Dien Bien Phu, wakafika kambi imeshaanguka. Kwahiyo anawajua Wazungu wanaoshuka kutoka angani na anajua pia huwa wanaondoka.

Lair akapanda helikopta ya Air America, shirika la ndege la CIA, na watu wa PARU wakamtafuta, wakamkuta Ta Vieng, kusini mwa ule uwanda. Alichosema Vang Pao kwa ufupi ni kwamba sisi na wakomunisti hatukai pamoja, ni ama tupigane ama tuhame, na kama mtatupa silaha napata watu 10,000. Lair akaomba kibali juu, kikapita siku za mwishomwisho za Eisenhower kabla Kennedy hajaapishwa. Operesheni ikaitwa Momentum.

Mzigo wa kwanza ulikua silaha za watu 300. Hapa nataka muone jinsi kitu kilivyofanyika. Ndege inapita juu ya bonde, makontena yanadondoka na parachuti, wanakijiji wanatoka mbio kwenda kuyaokota. Mthai wa PARU anafungua sanduku, bunduki zimepakwa grisi, anamuonesha mkulima aliyezoea gobole la kuwindia ndege jinsi ya kufuta grisi, kuingiza risasi, kulenga. Mafunzo siku tatu. Siku TATU wakuu. Siku zenyewe ni kulenga shabaha, kuvizia njiani, bomu la mkono, basi, mtu huyo ni mpiganaji. Sababu sio uzembe, ni kwamba mkulima wa mlimani anajua kutembea, kujificha na kulenga kuliko mkufunzi wake, kilichokosekana ni silaha na mtu wa kuongea na ndege. Yule wa kuongea na ndege ndio PARU.

Kufikia katikati ya 1961 kuna ripoti ya siri ya jenerali Edward Lansdale iliyokuja kuvuja na zile Pentagon Papers, nyaraka za siri za Marekani kuhusu vita ya Vietnam, miaka kumi baadae, inataja Wahmong kama 9,000 wana silaha. Waliokua nao: maofisa wa CIA 9, makomando wa jeshi la Marekani 9, na PARU 99 kwenye timu 13. Tisini na tisa. Rudieni kusoma hapo juu nilipowaambia mshike kitu.

#7

Heshima kwako mleta uzi ila mimi naomba kutofautiana. Makomando wa miamvuli ni Wafaransa bana. Novemba 20, 1953 pale Dien Bien Phu walishuka batalioni kwa batalioni, kamanda Bigeard na watu wake wa 6e BPC (batalioni ya sita ya miamvuli) wakatua juu ya Wavietminh, wapiganaji wa kikomunisti wa Vietnam, waliokua mazoezini, wanapigana huku wengine bado hawajavua miamvuli. Na kambi ilipozingirwa 1954 watu waliendelea kuruka ndani usiku wakijua hakuna kutoka, mpaka wapishi na makarani wakajitolea, mamia yao hawajawahi kuruka hata mara moja maishani. Na sio Wazungu tu, batalioni ya tano ya miamvuli ya Wavietnam nayo iliruka humo. Hao PARU wako wameruka wapi kwenye vita kama hiyo?

#8 MLETA UZI

Mkuu umeongea ukweli na hakuna mtu atakayewavunjia heshima wale jamaa wa Bigeard. Ila Mei 7, 1954 kiliishia nini? Vijana bora kabisa wa jeshi la Ufaransa walimwagwa kwenye bakuli moja, juu ya milima kuna mizinga ya Giap, kamanda wa Wavietminh, uwanja wa ndege ukafa, na miamvuli ya chakula ikawa inaangukia kwa adui. Lair na Vang Pao wote walikua wanaijua hiyo habari vizuri, Vang Pao mwenyewe alikua njiani kuelekea huko kama nilivyosema. Ndio maana mpango wao ulikua kinyume chake: usikae sehemu moja, usishike uwanja, ukizidiwa ingia mitini.

Kuhusu kuruka, mara nyingi PARU waliingia kwa helikopta au zile ndege ndogo za Helio na Porter zinazotua kwenye kipande cha mlima kilichofyekwa, vingine vimeinama kabisa, unatua ukipanda na kuondoka ukishuka. Mwamvuli ulikua shule ya kuchuja watu, na ulikua namna ya kuwalisha. Maana ukimpa mkulima bunduki hawezi tena kulima, familia yake itakula nini? Ikabidi mchele ushuke kutoka juu. Walikua wanatia mchele kwenye gunia, gunia ndani ya gunia jingine, unadondoshwa hivyohivyo bila mwamvuli, la ndani likipasuka la nje linashika. Miaka ikaenda mpaka kukawa na watoto wa kihmong ambao kwa akili yao mchele ni kitu kinachotoka angani, hawajawahi kuuona shambani.

#9

Duh hiyo ya watoto imenigusa. Ila kwahiyo hapo si tayari wameshawafunga kamba? Ndege isipokuja mnakufa njaa.

#10 MLETA UZI

Umewahi nilipokua naelekea mkuu.

Juni 1961 kituo chao cha kwanza kikubwa, Padong, kilianguka. Kwanini? Kwasababu walikaa sehemu moja mizinga ikawafikia. Wakahama Pha Khao halafu 1962 wakatua Long Tieng, bonde lililozungukwa na majabali, mwanzoni hakuna kitu. Julai 23, 1962 ukasainiwa mkataba wa Geneva, wageni wote watoke Laos ifikapo Oktoba. Marekani ikatoa washauri wake wa kijeshi 666 wakahesabiwa. Wavietnam wa Kaskazini waliopita kwenye vituo vya kuhesabiwa ni 40, maelfu wakabaki msituni. CIA wakaacha watu wawili tu juu milimani, Tony Poe na Vint Lawrence, na baadhi ya PARU wakabaki nao kwasababu nani atawatofautisha na Walao? Kwahiyo kwa kipindi fulani vita nzima ya milimani ilishikwa na Wamarekani wawili na polisi wa Hua Hin. Mimi naona hapo ndio ilikua kilele chao, watu wachache, hakuna kelele, na kwa kweli ilikua inafanya kazi.

Baada ya hapo mambo yakanoga kupita kiasi ndio yakaharibika. Vietnam ikawaka, Marekani ikahitaji Laos iwe sehemu ya kuwafunga miguu Wavietnam wa Kaskazini na kuvuruga njia ya Ho Chi Minh, ile ya msituni waliyopitishia watu na silaha kwenda Vietnam Kusini. Bosi mpya wa CIA Vientiane, Ted Shackley, akaingia 1966, na vita ikapandishwa gia: ndege nyingi, batalioni kubwakubwa, kushika milima na kutoiachia. Wahmong wakageuzwa jeshi la kawaida, jambo lilelile Lair alilokua akilikataa toka siku ya kwanza. Long Tieng ikajaa watu makumi ya maelfu, ndege zinatua na kuruka kutwa nzima, na kwenye ramani za kawaida haipo. Lair akaondoka 1968 hana raha.

#11

Ngoja nichangie hapo 1968 mkuu maana nimesoma sana habari za Phou Pha Thi. Huu ni mlima mrefu karibu kabisa na mpaka wa Vietnam, Wamarekani wakaweka rada juu yake 1967 ya kuongozea ndege za kupiga Hanoi hata hali ya hewa ikiwa mbaya. Walinzi ni Wahmong na Wathai. Januari 12, 1968 Wavietnam wakaja kuupiga kwa ndege za An-2, zile za mabawa mawili za kunyunyizia dawa mashamba! Rubani wa helikopta ya Air America akazifukuzia na mwenzake akatoa AK-47 mlangoni akaanza kuzimiminia risasi, moja ikaenda chini. Helikopta imeangusha ndege kwa bunduki ya mkononi, sio utani. Ila Machi 10 kuamkia 11 makomando wa Kivietnam wakapanda lile jabali usiku, upande ambao kila mtu aliamini haupandiki, wakaumaliza mlima. Wamarekani 12 walikufa.

#12 MLETA UZI

Asante sana mkuu, nondo nzito. Na huo ndio mfano hai, mlima wa kushikilia. Msituni ungeuacha ukarudi mwezi ujao, lakini rada huwezi kubeba mgongoni ukaingia nayo mitini.

Toka hapo PARU wakawa sehemu ndogo ya kitu kikubwa. Thailand ikaanza kupeleka maelfu ya "wanaojitolea" na mizinga yao kabisa, ndege za Marekani zikamwaga Laos zaidi ya tani milioni mbili za mabomu kati ya 1964 na 1973, mengine yanaua wakulima mpaka leo. Vang Pao akawa anaingiza watoto jeshini maana baba zao wameisha. Makadirio ya Wahmong waliokufa yanaanzia 30,000 kwenda juu. Mei 14, 1975 Vang Pao akatolewa Long Tieng kwa ndege, nyuma yake maelfu wamejazana kwenye njia ya kurukia wakisubiri ndege ambazo hazikuja za kutosha. Wengine walitembea kwa miguu mpaka mto Mekong. Ndio hao mnaowasikia leo Minnesota, Wisconsin na California.

#13

Kwahiyo tuseme tu ukweli, hawa ni vibaraka wa CIA waliopeleka watu wa milimani machinjoni halafu wakarudi kwao Hua Hin kula samaki. Sioni cha kusifia.

#14 MLETA UZI

Sijasifia mkuu, ila neno vibaraka halitoshi hapo. Yule sajenti wa PARU wa Isan alikua anaamini Laos ikienda nyumba ya pili kwenda ni kwao, na ukiangalia ramani hakua mjinga. Walikufa pia, kimyakimya, maana rasmi hawakuwepo. Tofauti yao na Wahmong ni kwamba walikua na nchi ya kurudi. Lawama kubwa mimi naipeleka kwa waliobadilisha mchezo katikati huku wakijua waliowafundisha hawana mlango wa nyuma. Lair alishawahi kupendekeza mapema sehemu ya kurudi nyuma upande wa Sayaboury, magharibi ya Mekong jirani na Thailand, wakizidiwa wahamie huko. Haikufanyika.

Doa ambalo siwatetei hata kidogo lipo nyumbani kwao. Oktoba 6, 1976 Bangkok, wanafunzi wamekusanyika chuo kikuu cha Thammasat kupinga kurudi kwa Thanom, dikteta aliyekua amekimbia. PARU waliletwa kutoka Hua Hin na wakawemo kati ya polisi walioshambulia chuo alfajiri. Hesabu ya serikali ni watu 46 waliokufa, wengi wanaamini ni zaidi. Kikosi kilichopikwa kwa ajili ya kupigana na Wachina kikaishia kupiga watoto wa kithai kwenye uwanja wa mpira wa chuo.

#15

Na sasa hivi bado wapo?

#16 MLETA UZI

Wapo, kambi ni ileile Hua Hin. Ndani yake kuna kitengo cha kupambana na magaidi kinaitwa Naresuan 261, kilikuwemo Januari 2000 wale waasi wa Kikaren (kabila la Burma) wa God's Army walipoteka hospitali ya Ratchaburi, watekaji 10 wote waliuawa na kuna waliosema waliuawa wakiwa wameshajisalimisha. Lair akirudi Marekani alistaafu akawa dereva wa malori ya masafa marefu, alifariki 2014. Kong Le naye alifariki mwaka huohuo, Paris, alikoishi uhamishoni. Vang Pao alitangulia 2011, California, baada ya kukamatwa 2007 kwa tuhuma za kupanga kuipindua Laos, kesi yake ikafutwa 2009.

Uzi wa Kong Le peke yake unakuja, huyo jamaa alibadilisha upande mpaka nikachanganyikiwa kupanga tarehe. Mwenye picha za zamani za Long Tieng aziweke hapa chini.